Mkono wa Herimann na Ukoo wa Simba

Mtawa Herimann alikuwa na ukurasa mmoja, na katika ukurasa huo ilimpasa kuwapanga watu tisa wa koo mbili zilizoungana kwa ndoa, ili mtazamaji aelewe kwa jicho moja nani kazaliwa na nani, nani kaoa wapi, na kwa nini nyumba hiyo ilijiona inastahili taji. Alifanya kazi katika monasteri ya Wabenedikto ya Helmarshausen, kando ya mto Diemel katika nchi ya Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 12. Aliyeagiza kazi ni Heinrich, duki wa Saksonia na Bavaria, mtu aliyejulikana kwa lakabu ya Simba. Duki alikuwa mtawala wa jimbo kubwa, chini ya mfalme peke yake, na kwa miaka mingi Heinrich alikuwa na majimbo mawili ya namna hiyo kwa mpigo.

Kitabu chenyewe kipo hadi leo, katika maktaba ya Herzog August mjini Wolfenbüttel. Ni kitabu cha Injili nne kwa Kilatini: laha 226 za ngozi, kila laha ina urefu wa sentimita 34 hivi na upana wa sentimita 25 hivi, na michoro 50 inayojaza kurasa nzima. Shairi la mwanzo, lililoandikwa kwa dhahabu, linamwambia Mtakatifu Petro, msimamizi wa monasteri, kwamba kitabu hiki ni jasho la mtawa wake Herimann. Bila shaka alikuwa na wenzake katika karakana, maana kazi ya ukubwa huu haibebwi na mtu mmoja. Lakini jina lililowekwa ni lake, nami nitalitumia hilo kwa mikono yote iliyoshiriki.

Ukurasa ninaoutaka uko nyuma ya laha ya 171, karibu na mwanzo wa Injili ya Yohana. Ili kuufikia inabidi tuanze mbali nao, kwenye zizi.

Ngozi ya kuandikia haitiwi dawa za kulainisha kama ngozi ya viatu. Husafishwa, kisha hukaushwa ikiwa imevutwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoigeuza. Kwanza mnyama aliyechinjwa huchunwa kwa uangalifu, kwa kuwa mkato mmoja wa haraka wa kisu utaonekana baadaye kwenye ukurasa. Ngozi hulowekwa katika maji safi mpaka damu na uchafu vitoke, halafu hutiwa katika pipa la maji ya chokaa na kukaa humo siku kadhaa, zaidi wakati wa baridi, huku fundi akiikoroga kwa mti mara kwa mara. Chokaa hulegeza nywele. Hapo ngozi hutandazwa juu ya gogo lililoinama, na nywele zikaparuliwa kwa kisu butu chenye mpini pande zote mbili. Hugeuzwa, ikaparuliwa upande wa nyama. Hurudishwa tena katika chokaa, kisha ikasuuzwa.

Sasa inawambwa. Msomaji aliyewahi kumwona fundi wa ngoma akiwamba ngozi juu ya mzinga anajua nusu ya kazi hii. Kwa ngozi ya kitabu kuna fremu ya mbao yenye vigingi. Fundi hachomi matundu pembezoni mwa ngozi, maana matundu yangechanika. Huchukua vijiwe vidogo, akavifunga ndani ya ukingo wa ngozi kwa kamba, na kila kamba ikaenda kwenye kigingi chake. Anazungusha vigingi kimoja baada ya kingine, kidogo hapa, kidogo pale, huku akimwagia maji ya moto. Kisha anashika kisu cha mwezi mchanga, chenye makali yaliyopinda ili ncha zake zisichane kitu, na kuanza kukwangua kutoka juu kwenda chini. Ngozi inapokauka hujikaza. Fundi anakaza vigingi tena, anakwangua tena. Unene unapungua kwa kadiri ambayo haipimwi kwa chombo chochote isipokuwa sauti ya kisu na kiganja kinachopapasa kutoka nyuma. Palipokuwa na kidonda cha kupe au kuumwa na inzi, tundu dogo sana hufunguka na kuwa duara. Mwandishi atakuja kulizunguka kwa maneno yake.

Laha 226 maana yake ni kurasa 452, na ngozi ya ndama mmoja au kondoo mmoja haitoi laha nyingi za ukubwa huo. Kabla ya neno la kwanza, kundi zima la wanyama limekwisha pita katika fremu.

Ngozi ina pande mbili na mwandishi anazijua kwa vidole. Upande wa nywele huwa na rangi ya manjano kidogo, na vinyweleo huacha vijitundu. Upande wa nyama ni mweupe na laini zaidi. Anapokunja ngozi na kuzipachika moja ndani ya nyingine ili kupata kitita, kwa kawaida laha nane, anahakikisha nywele inatazamana na nywele na nyama inatazamana na nyama. Msomaji anayefungua kitabu huona kurasa mbili za rangi moja na hajui kwamba kuna mtu aliyelifikiria jambo hilo. Baada ya hapo husugua uso kwa jiwe la povu, akanyunyizia unga wa chaki, akaupangusa. Kwa ncha ya chuma anatoboa vitundu vidogo vilivyopangana pembezoni, akipitisha laha kadhaa kwa pamoja ili mistari ya kitita kizima ilingane, halafu kwa rula anapiga mistari kutoka kitundu hadi kitundu.

Kuhusu wino tuna shahidi mzuri. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 12 mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha ufundi, akieleza rangi, kioo na kazi za madini. Wataalamu wengi wamemhusisha na Roger, mfua dhahabu mashuhuri wa Helmarshausen yenyewe. Iwe ni yeye au si yeye, maelezo yake ni ya mtu aliyekwisha kuchafua mikono. Anasema ukate miti ya miiba mwezi wa Aprili au Mei, kabla haijatoa maua wala majani. Ifunge matita, uiweke kivulini wiki mbili, tatu au nne mpaka ikauke. Ipige kwa nyundo za mbao juu ya gogo gumu hadi magome yote yatoke, na magome hayo uyatie mara moja katika mapipa ya maji. Ngoja siku nane. Maji yakishanyonya utomvu wote, yachemshe, rudishia magome, chemsha tena, toa magome, endelea kuchemsha hadi ibaki theluthi. Ongeza divai, chemsha mpaka kiwambo kianze kutanda juu. Weka juani hadi weusi utengane na mashapo mekundu. Mimina katika vifuko vidogo vya ngozi vilivyoshonwa vizuri, uvitundike juani mpaka wino ukauke kabisa. Siku ya kuandika, megua kiasi unachotaka, uyeyushe kwa divai juu ya moto, ongeza chembe za chumvi ya chuma. Na kama kwa uzembe wino hautakuwa mweusi wa kutosha, chukua kipande cha chuma chenye unene wa kidole, kichome hadi kiwe chekundu, ukitumbukize ndani ya wino.

Naipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Mwalimu amekwisha kusema yote, halafu anakumbuka kwamba mwanafunzi atakosea, na anamwachia njia ya kurekebisha.

Kalamu hutoka kwenye bawa la bata bukini, katika manyoya matano ya nje yaliyo makubwa na magumu. Ya bawa la kushoto hupinda kwa namna inayokaa vizuri katika mkono wa kulia. Mwandishi huondoa sehemu kubwa ya ubawa, hukausha bomba la unyoya hadi liwe gumu, kisha kwa mikato michache huchonga ncha, hupasua mwanya katikati, na kukata mdomo kwa upana anaoutaka. Mdomo huo huisha haraka, na kwa siku moja huchongwa upya mara nyingi. Ndiyo maana mwandishi wa zama hizo hufanya kazi kwa mikono miwili: kulia kalamu, kushoto kisu. Kisu huchonga kalamu, hukwangua herufi iliyokosewa kabla wino haujashika, na hukandamiza ngozi, kwa sababu ngozi ina tabia ya kujiinua na jasho la kiganja huiharibu. Mkono haulali juu ya ukurasa, unaelea. Kila herufi ya Kilatini hujengwa kwa mapigo yake, kushuka, kuinuka, kufunga, na baada ya maneno machache kalamu huenda tena kwenye pembe ya ng'ombe iliyojaa wino.

Tunafika kwenye ukurasa wa ukoo, ambao hauna Injili iliyoandikwa ndani yake. Una watu. Hapa kazi ya kwanza haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya kuamua nani aingie.

Ukurasa umegawanywa sehemu mbili. Juu ni mbinguni: Kristo yuko katikati na watakatifu wamemzunguka. Chini wako wanadamu, na katikati yao duki Heinrich na mkewe Matilda. Mikono miwili inatoka juu ikishika mataji mawili, na kuwavika. Nyuma ya Heinrich wamesimama watu wanne: baba yake, Heinrich aliyeitwa Mwenye Fahari, mama yake, Gertrud, kisha babu yake, kaisari Lothar, na bibi yake, kaisarina Richenza. Nyuma ya Matilda wako watatu: baba yake, mfalme Henry wa Pili wa Uingereza; bibi yake, Matilda wa zamani aliyekuwa mke wa kaisari; na mwanamke mmoja ambaye jina lake halikuandikwa.

Ukiutazama mpango huu kwa makini utaona jinsi ulivyochujwa. Lothar na Richenza ni wazazi wa Gertrud, yaani ni upande wa mama. Lothar alikuwa duki wa Saksonia kabla ya kuwa mfalme, akatawazwa kuwa kaisari mwaka 1133, akafa Desemba 1137 njiani akirudi kutoka Italia. Hakuacha mtoto wa kiume. Gertrud alikuwa binti yake wa pekee, na kwa ndoa ya binti huyo haki ya Saksonia ikaingia katika nyumba ya Welf, ya mumewe, ambayo tayari ilikuwa na Bavaria. Kwa upande wa baba, duki alikuwa na babu mwingine, Heinrich aliyeitwa Mweusi, duki wa Bavaria, na bibi mwingine, Wulfhild, wa ukoo wa zamani wa maduki wa Saksonia. Watu wakubwa. Hawamo. Nafasi yao imekwenda kwa waliovaa taji la kaisari.

Upande wa Matilda mchujo ni ule ule. Bibi yake alikuwa binti wa mfalme wa Uingereza, akaolewa na kaisari Heinrich wa Tano wa Wajerumani, akafiwa naye, kisha akaolewa na Geoffrey, mtawala wa Anjou. Baba wa mfalme Henry ni huyo Geoffrey. Lakini Anjou haikuwa ufalme, na Geoffrey hayumo kwenye picha, yumo mkewe. Na yule mwanamke wa mwisho asiye na jina? Mama yake Matilda alikuwa Eleanor wa Aquitaine, naye tangu uasi wa mwaka 1173 dhidi ya mumewe alikuwa akishikiliwa kizuizini na mfalme. Wapo wanaodhani ndiye yule. Fundi alimpa mwili, vazi na mahali pa kusimama, akaishia hapo.

Kuna tatizo jingine ambalo fundi alilitatua kwa utulivu unaonistaajabisha. Miongoni mwa watakatifu wa juu yumo Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury. Askari wa mfalme Henry walimuua ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170; mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu; mwaka 1174 mfalme mwenyewe akaenda kutubu kaburini pake. Kwa hiyo ukurasa huu hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1173, na ndani yake Thomas aliyeuawa, pamoja na mfalme ambaye watu wake ndio waliomuua, wamewekwa pamoja, mmoja juu, mwingine chini. Herimann hakumficha yeyote. Aliutumia mstari unaotenganisha mbingu na dunia, akamweka kila mmoja upande wake.

Mpango ukishapitishwa, ulichorwa. Bikari hupima nusu ya ukurasa, rula hutoa fremu, kisha kwa risasi au kalamu yenye wino mwepesi fundi hupiga mistari ya miili. Watu tisa katika nusu ya chini ni wengi, na hatari ni msongamano. Dawa yake ni ya zamani: vichwa hupandishwa na kushushwa, bega la mmoja hufunika bega la mwingine, na mikono huachwa ionekane, kwa kuwa ni kwa mikono ndipo tunajua huyu yuko na nani. Wawili wa katikati wanapewa nafasi inayowatenga na jamaa zao bila kuwakata nao.

Dhahabu hutangulia rangi zote. Sababu ni mbili: dhahabu hunata popote inapokuta unyevu, na itakaposuguliwa msuguo huo ungeharibu rangi iliyo jirani. Theophilus anaeleza jinsi ya kuisaga dhahabu safi katika kinu kidogo pamoja na maji, kuiosha mara kwa mara hadi unga wake ubaki peke yake. Kabla ya kuipaka, sehemu inayohusika hutiwa msingi wa rangi nyekundu ya risasi iliyochanganywa na theluthi ya zingifuri, ikasagwa kwa ute wa yai. Msingi huo mwekundu haukusudiwi kuonekana. Upo ili dhahabu itakayolala juu yake iwe na joto. Gundi hupatikana kwa kuchemsha vibofu vya samaki au vipande vya ngozi vilivyobaki. Dhahabu huchanganywa na gundi katika chombo kidogo juu ya makaa, ikapakwa kwa brashi, na inapokauka kiasi husuguliwa kwa jino la mnyama au kwa jiwe la damu lililokatwa na kulainishwa vizuri. Ukisugua mapema inang'oka. Ukichelewa inakataa kung'aa. Saa yake hasa haiandikwi kitabuni hata na Theophilus. Fundi huijua kwa kugusa.

Baada ya dhahabu, rangi. Nyeupe hutoka kwenye risasi iliyolazwa juu ya mvuke wa siki hadi ikatoa ukoga mweupe. Zingifuri, ile nyekundu kali, hutoka kwenye zebaki na kiberiti vilivyosagwa pamoja na kuchomwa katika chombo cha kioo kilichozibwa. Kijani kimojawapo hutengenezwa kwa bamba za shaba zilizopakwa asali na kunyunyiziwa chumvi, zikapangwa ndani ya gogo la mwaloni lililochimbwa pamoja na siki au mkojo wa moto, gogo likafunikwa na kuzikwa katika samadi kwa wiki nne. Ukifukua unakuta kijani kimeota juu ya shaba, unakikwangua. Yeyote anayesema kwamba uzuri wa vitabu hivi ulitoka mbinguni hajanusa karakana. Mimi nauheshimu zaidi ninapojua kwamba vazi la kaisarina lilianzia kwenye samadi.

Rangi hupakwa kwa tabaka, na hapa ndipo mwanafunzi hutofautiana na bwana wake. Chukua uso. Kwanza hutandazwa rangi ya mwili, iliyochanganywa kwa nyeupe ya risasi iliyochomwa kidogo na zingifuri kidogo. Tabaka moja sawasawa, bila pua wala macho. Juu yake rangi nzito zaidi, yenye kijani na udongo mwekundu ndani yake, hupitishwa kwenye nyusi, kando ya pua, chini ya midomo, kwenye mikunjo ya paji la wazee. Kisha wekundu hafifu huguswa mashavuni, mdomoni, kwenye kidevu. Kisha rangi angavu, mstari mwembamba juu ya pua, duara juu ya mashavu, nukta kwenye kila kiungo cha kidole. Mwisho mboni za macho. Kila tabaka husubiri la chini likauke, na kwa kuwa nyuso ni nyingi, fundi anaweza kuzunguka: wa kwanza anakauka huku wa tisa akipakwa. Mavazi hufuata utaratibu huo huo: rangi ya kati, kivuli ndani ya mikunjo, mwanga juu ya mikunjo, na mwanga wa pili mwembamba kuliko wa kwanza. Mikunjo hiyo haiigi kitambaa halisi. Ni mistari iliyopangwa, yenye kanuni yake, inayozunguka goti na kushuka katika pembe kali, na ukifuata mmoja kwa jicho hutaupata umetetemeka.

Nyuma ya watu, mafundi wa Helmarshausen hawakupenda kuacha pakavu. Walijaza mandhari kwa nakshi zilizorudiwarudiwa, kama zile za hariri za Bizanti zilizokuwa zikifika Ulaya kwa njia ya zawadi na biashara. Nakshi ya namna hiyo ni mtihani wa subira kuliko uso wowote. Uso una mahali pa kuonyesha kipaji. Nakshi inadai tu kwamba ua la mia lifanane na la kwanza, pamoja na lile lililobanwa kati ya kiwiko na fremu ambalo hakuna atakayelitazama. Nimekuza picha za kurasa hizi katika nakala ya kidijitali mpaka nukta zikawa kubwa kama punje za mahindi, na pembeni kabisa, ambako mkono ungetarajiwa kuchoka, umbo limekamilishwa.

Majina huandikwa mwishoni. Herufi ndogo zinatiwa kando ya watu: duki Heinrich, Matilda, binti wa mfalme wa Uingereza, kaisari Lothar, na wengine. Ni kalamu ile ile ya bata bukini, lakini sasa inapita juu ya kazi ya siku nyingi, na kosa moja haliwezi kukwanguliwa bila kujeruhi rangi. Bila majina hayo tungekuwa na watu waliovaa vizuri. Kwa majina hayo ukurasa unakuwa hati ya nasaba, na tangu hapo umetumika hivyo.

Juu ya tarehe wataalamu wamegawanyika, na tofauti yao ina uzito. Wapo wanaosema kitabu kilitengenezwa miaka ya 1173 hadi 1175, Heinrich alipokuwa kileleni. Wengine, ambao hoja zao naziona nzito zaidi, wanasema ni karibu na mwaka 1188, mwaka ambao altare ya Bikira Maria katika kanisa la Mtakatifu Blasius mjini Braunschweig iliwekwa wakfu. Kitabu kilikusudiwa altare hiyo. Kati ya tarehe hizo mbili kuna anguko. Heinrich aligombana na binamu yake, kaisari Friedrich Barbarossa, ambaye mama yake Judith alikuwa dada wa Heinrich Mwenye Fahari. Mwaka 1180 alinyang'anywa Saksonia na Bavaria, na mwaka 1182 akaenda uhamishoni kwa baba mkwe wake, mfalme Henry, hadi mwaka 1185. Kama ukurasa ulichorwa baada ya hayo, basi Herimann alikuwa akimvika taji mtu aliyekwisha kupoteza majimbo yote mawili, akimsimamishia nyuma yake kaisari na kaisarina ambao hakuna hukumu ya kidunia ingeweza kumvua. Mataji yenyewe, yakitoka kwa Mungu, yanaweza kusomwa kama taji la uzima wa milele au kama dai la ufalme. Fundi aliyaweka kwa namna ambayo masomo yote mawili yanasimama, na sidhani ilikuwa bahati.

Laha zilipokauka zilipangwa, zikashonwa kitita kwa kitita kwenye mishipi ya ngozi, na mishipi ikaingizwa katika mbao mbili. Jalada la kwanza halipo tena. Lililopo lilitengenezwa Prague mwaka 1594, maana kitabu kilikuwa kimehamia huko na kutunzwa katika kanisa kuu. Matilda alikufa mwaka 1189, Heinrich mwaka 1195, nao wamezikwa katika kanisa lile lile la Braunschweig. Mwana wao Otto alifika alipofika Lothar, babu wa baba yake: mwaka 1209 alitawazwa kuwa kaisari. Kupitia mwana wao mdogo, Wilhelm, nasaba iliendelea kwa maduki wa Braunschweig na Lüneburg hadi wafalme wa Hannover, na mwaka 1714 mmoja wa nasaba hiyo akawa mfalme wa Uingereza kwa jina la George wa Kwanza.

Mwaka 1861 Georg wa Tano, mfalme wa Hannover, mzao wa wale wawili wa katikati ya ukurasa, alikinunua kitabu kutoka kwa makasisi wa Prague. Alikuwa kipofu tangu ujana wake. Miaka mitano baadaye Prussia ilimnyang'anya ufalme, naye akaenda uhamishoni Austria. Kitabu kilibaki na ukoo wake hadi karne ya 20, kikapotea machoni pa watu, kisha kikajitokeza London, kwenye mnada wa Sotheby's wa tarehe 6 Desemba 1983. Serikali ya Ujerumani Magharibi, majimbo ya Niedersachsen na Bavaria, na taasisi ya urithi wa Prussia walichanga na kulipa pauni milioni 8.14, bei ambayo hakuna kitabu kilichokuwa kimeifikia hadi siku hiyo. Majimbo mawili kati ya waliochanga yanatokana na yale ambayo Heinrich alinyang'anywa mwaka 1180.